Kihispania, bibi yangu na mkia wa -aba

Najua nimepotea. Wiki tatu hizi nimekuwa baina ya Tunguu na mjini kama konda wa daladala. Asubuhi chuo, jioni darasa la Kihispania, usiku kazi za chuo, na kila nikikaa nikitaka kuandika ama umeme unaondoka ama usingizi unakuja. Leo umeme upo na macho yapo, basi tupige stori.

Stori ya leo ni ya sarufi. Jamani msikimbie! Najua wengine mkisikia neno sarufi mnakumbuka skuli na fimbo. Lakini hii imenikalia kifuani tangu wiki iliyopita na nisipoitoa haitoki wenyewe.

Kwanza niwaambie kwa nini mtoto wa Kiponda anasoma Kihispania. Kaka yangu ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, ana kitambulisho chake na kila kitu. Mie wakati wa likizo humfuata, nabeba chupa za maji na kujifunza kazi. Sasa ikifika Agosti wageni wa Kihispania wanakuwa wengi, na kaka Kihispania chake kinaishia "hola amigo". Akanambia, "Wewe msomi, kajifunze, tutagawana." Nikatafuta mwalimu. Nikampata Maalim mmoja mtu mzima aliyesoma Cuba ujana wake, anafundisha jioni watu sita kwenye chumba kimoja chenye feni moja. Kihispania hapa kwetu si kigeni kama mnavyodhani. Madaktari wa Cuba wamefanya kazi hospitali zetu miaka mingi, na kuna Wazanzibari waliosomea udaktari papa hapa nyumbani chini ya walimu wa Chuo Kikuu cha Matanzas. Basi ukikaa vizuri mtaani utasikia mtu kasema "gracias" kwa lafudhi ya Michenzani.

Haya. Agosti iliyopita tuko Mkunazini na familia moja ya Kihispania, baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Kaka kashaeleza kwa Kiingereza, kisha akanipa nafasi niseme sentensi zangu tatu nilizokwisha kuzikariri. Mnapajua mahali penyewe, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa. Nikajikohoza, nikasema: "Aquí vendieron esclavos." Hapa waliuza watumwa.

Yule bibi akanitazama. Akaniuliza kwa upole, "¿Vendieron? ¿Una vez?" Waliuza? Mara moja?

Mie nikacheka tu, nikidhani hajanisikia. Akaniwekea mkono begani, akasema neno moja, "Vendían." Kisha akenda kusimama peke yake mbele ya zile sanamu za watu waliofungwa minyororo, pale kwenye shimo. Nikaona aibu wallahi, mbele ya kaka na mbele ya wale watoto. Njia nzima ya kurudi Darajani najiuliza, vendieron na vendían, wote si "waliuza"? Kuna nini hapo?

Jioni nikampelekea Maalim. Akafurahi kama niliyemletea zawadi. Akasema sasa umefika mlangoni pa Kihispania, maana huko nyuma ulikuwa bado uko nje.

Nawaeleza alivyonieleza yeye, kwa ufupi. Kihispania kina njia mbili za kusema jambo lililopita. Ya kwanza ni ya jambo lililotokea likaisha: alifika, alifunga, alikufa. Ya pili ni ya jambo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa likijirudia siku baada ya siku, bila kusema lilianza lini na lilikoma lini. Hii ya pili ndiyo iliyoniaibisha Mkunazini.

Na kuitengeneza ni rahisi kuliko unavyodhani. Vitenzi vya Kihispania vinaishia na -ar, -er au -ir. Unakata hiyo miishio, unapachika mikia mipya. Kwa vya -ar mkia ni -aba. Cocinar ni kupika:

cocinaba – nilikuwa nikipika
cocinabas – ulikuwa ukipika
cocinaba – alikuwa akipika
cocinábamos – tulikuwa tukipika
cocinaban – walikuwa wakipika

Vya -er na -ir vinagawana mkia mmoja, -ía. Vender ni kuuza, na vivir ni kuishi: vendía, vendías, vendía, vendíamos, vendían. Vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivían. Basi. Alama ile ya juu ya herufi, kwenye -ía inakaa kote, na kwenye -aba inakaa pale pa "sisi" tu, cocinábamos. Wahispania wa Hispania kwenyewe wana na "ninyi" ya kuambiana wenyewe kwa wenyewe, cocinabais na vendíais, lakini Maalim wetu ni wa Cuba na kule hawaitumii, kwa hiyo anaipita kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria.

Na vitenzi vinavyokataa kufuata kanuni ni vitatu tu katika lugha nzima: ser inakuwa era, ir inakuwa iba, ver inakuwa veía. Vitatu! Wewe uliyekariri vitenzi vya Kiingereza, go-went, buy-bought, ukurasa mzima nyuma ya daftari, hebu niambie kama hii si rehema.

Nikamwuliza Maalim, nitajuaje wakati gani nitumie ipi? Akanijibu kwa Kiswahili. Akasema: "Wee Mswahili, unayo tayari. Sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ukiweza kutia 'alikuwa aki-' na maana yako ikabaki ile ile, tia -aba au -ía. Ukiona 'alikuwa aki-' inaharibu, tumia ile nyingine." Kisha akanipa mfano wa Beit al-Ajaib. Jengo lilikuwa likisimama pale Forodhani, watu walikuwa wakipita chini yake wakenda kula urojo, hiyo ni -aba na -ía. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafa. Huwezi kusema "ilikuwa ikiporomoka" ukamaanisha hivyo. Iliporomoka, siku moja, saa moja.

Hapo nikarudi Mkunazini kichwani. Soko lilifungwa Juni 1873, kwa mkataba baina ya Sultan Barghash na Waingereza. Hilo la kufungwa ni mara moja, "cerraron el mercado". Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule, mara moja. Lakini kuuza? Kuuza ilikuwa asubuhi hii na asubuhi ile, mwaka huu na mwaka ule, watu waliotolewa mbali huko bara wakishushwa na wakipangwa na wakitazamwa meno. Hata baada ya 1873 utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa kwetu mpaka 1897. Mie nikamwambia yule bibi wa watu "vendieron" kama niliyemwambia palikuwa na mnada wa siku moja ukaisha, watu wakenda zao. Alikuwa na haki ya kuuliza, mara moja?

Na kichekesho cha mambo ni kuwa askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa lile, Edward Steere, alikuwa mtu wa sarufi. Mwaka 1870 alikwishatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Yaani mtu alikaa hapa akiorodhesha viambishi vyetu, na soko bado liko wazi.

Mpaka hapo mnaona ni stori ya mtalii na mwanafunzi mjinga. Subirini.

Maalim akatupa kazi ya nyumbani. Sentensi kumi kuhusu mtu wa utotoni mwako. Mie sikufikiri mara mbili, nikamwandika bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Kiponda tangu nna miaka mitatu mpaka naingia chuo.

Wale wa karibu mnajua. Bibi alifariki mwaka jana nikiwa Pemba, kwenye mazoezi ya kufundisha. Jumatano usiku alimtuma mtoto wa jirani anipigie simu. Mie niko na kandili nyumba ya wenyeji wangu, nahangaika na andalio la somo la Kiingereza la kesho yake. Somo lenyewe, mtaona ajabu, ni wakati uliopita. Nikamwambia yule mtoto, "Mwambie bibi nitampigia kesho, nna kazi." Alhamisi alfajiri nikapigiwa na mama. Nilipofika bandarini Malindi walikwishazika. Sikumuona uso.

Tangu siku ile, ukinitajia bibi, mie naona kitu kimoja tu. Kandili, daftari na ile "nitampigia kesho". Miaka kumi na tisa niliyokaa naye imekwenda wapi sijui, nimebaki na usiku mmoja. Nyumbani nako hivyo hivyo. Mama hamtaji. Akitajwa inasemwa alivyokufa, alizikwa wapi, hitma ilisomwa lini, kisha mtu anabadilisha mazungumzo.

Basi nikaandika sentensi zangu kumi. Kihispania changu cha haraka, na kichwa kimeshasahau somo lote la wiki ile:

Mi abuela vivió en Kiponda. Bibi yangu aliishi Kiponda.
Cocinó pan. Alipika mkate.
Vendió pan en Darajani. Aliuza mkate Darajani.
Bebió café sin azúcar. Alikunywa kahawa bila sukari.
Habló con los gatos. Alizungumza na paka.
Me peinó. Alinichana nywele.
Me esperó en la puerta. Aliningoja mlangoni.
Cantó. Aliimba.
Rezó. Aliswali.
Murió un jueves. Alikufa Alhamisi.

Siku ya pili Maalim akanirudishia karatasi. Sentensi ya kwanza kaweka alama ya kuuliza, akasema hii ingeweza kupita kama unajumlisha umri wake wote. Nane zilizofuata kazipiga mstari mwekundu. Ya mwisho kaipa tiki.

Nikaitazama ile karatasi. Katika sentensi kumi za bibi yangu, iliyo sahihi bila ubishi ni moja, Murió un jueves.

Maalim hakujua kitu. Yeye anasahihisha tu, na wenzangu wamekaa wanangoja zao. Akasoma kwa sauti: "Binti, bibi yako alikuchana nywele mara moja tu maisha yake yote? Alizungumza na paka siku moja?" Darasa likacheka. Na mie nikacheka nao, kisha nikaona maji yananitoka. Nikasema feni inanipiga machoni. Akanitazama, akanyamaza. Akanipa karatasi nyingine, akasema, "Andika tena, taratibu. Murió iache kama ilivyo, haina kosa. Zilizobaki zitie mikia yake."

Nikaandika.

Vivía en Kiponda. Alikuwa akiishi Kiponda, ghorofa ya pili, ngazi zenye kiza, kamba ya kushikia imechakaa.

Cocinaba pan. Alikuwa akipika mikate ya ufuta. Kila siku jioni, unga kaukanda kwa tui, ufuta kaupaka juu, kisha anakigeuza kikaango kichwa chini juu ya makaa na mkate haudondoki. Mie mpaka leo wangu unadondoka.

Vendía pan en Darajani. Alikuwa akiuza Darajani, na Ramadhani akiuza mpaka ile mikate ya nyumbani, sie tunafuturu kwa uji.

Hablaba con los gatos. Alikuwa akizungumza na paka wa mtaa, mmoja mmoja kwa jina, na wengine akiwagombeza kwa mambo waliyoyafanya jana yake.

Me peinaba. Alikuwa akinichana nywele siku za Ijumaa, anavuta kwa nguvu na mie nalia, ananambia nyamaza, mrembo halii.

Me esperaba en la puerta. Alikuwa akiningoja mlangoni nikitoka skuli, kakaa barazani, anajifanya anatazama wapita njia.

Unaona? Kila nikipachika mkia, siku zinarudi. Ile "peinó" ilinipa mchano mmoja. "Peinaba" ikanipa Ijumaa zote.

Halafu kuna kitu kimoja kwenye hii -aba nimekigundua mwenyewe. Tazameni tena ile orodha juu. Cocinaba ya kwanza na cocinaba ya tatu ni neno moja. "Mimi nilikuwa" na "yeye alikuwa" havitofautiani. Kiswahili chetu hakina mchezo huo, ni-li-kuwa na a-li-kuwa kila mtu na chake. Kwa Kihispania ukitaka wajue ni nani inabidi uongeze yo, mimi, au ella, yeye. Maalim akaniandikia pembeni, "Weka ella, isije ikaleta utata." Kwenye ile ya mkate sikuweka. Alikuwa akipika bibi, na pembeni yake mie na kikaango changu kidogo nikipika na mie. Neno limetubeba wote wawili.

Nikenda nayo nyumbani ile karatasi. Mama kakaa anachambua mchele. Nikamwuliza, na safari hii nikauliza kwa makusudi, "Mama, bibi asubuhi alikuwa akifanya nini kabla mie sijaamka?" Angalieni, sikuuliza alifanya nini, nimeuliza alikuwa akifanya nini. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akaanza: alikuwa akiamka kabla ya adhana, alikuwa akiteka maji akijaza mtungi japo mfereji upo, alikuwa akimsema babu yako kwa kukoroma na babu keshakufa zamani... Tukakaa mpaka magharibi. Mchele haukuchambuliwa. Mwaka mzima sijamsikia mama akimtaja mama yake namna ile.

Sasa mie ni mwalimu mtarajiwa, lazima nijisute na kwa hilo. Lile somo la Pemba, nililoliandalia usiku ule, nilifundishaje? Nilisimama mbele ya Kidato cha Pili nikaandika ubaoni kitenzi, ongeza -ed, fanya zoezi. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nikitaka kusema baba alikuwa akenda baharini kila siku?" Nikamwambia hilo la mbele, bado hatujafika. Kumbe lilikuwa ndilo lenyewe. Yule mtoto lugha yake ilishampa jambo zima, "alikuwa akenda", na mie nikamrudisha nyuma. Hata kwenye Kiswahili tunawakaririsha -li- ni wakati uliopita, tunafunga daftari. Hii -ki- ndogo inayokaa baada ya "alikuwa", inayobeba mazoea yote ya watu, hatuwaonyeshi. Inshaallah nikipewa darasa langu nitaanzia hapo. Nitawaambia waandike kuhusu mtu, watie "alikuwa aki-", kisha ndiyo twende kwenye Kiingereza.

Na ile "nitampigia kesho"? Ipo. Haijaondoka. Kwa Kihispania inakwenda kwenye ile njia ya kwanza, jambo la mara moja lililoisha: no la llamé, sikumpigia. Sahihi, tiki. Lakini sasa ni sentensi moja katika kumi, na zile tisa nimezipata.

Wiki iliyopita kaka alikuwa na wageni wengine Mkunazini, wa Hispania tena. Akanipa nafasi. Nikasema, "Aquí vendían personas." Wageni wakanyamaza wakatazama chini kwenye lile shimo. Hakuna aliyeniuliza mara ngapi.

Haya wadau, usiku umekwenda na kesho nna kipindi saa mbili. Kila mmoja wenu amfikirie mtu wake mmoja, aandike sentensi moja tu yenye "alikuwa aki-". Kama yupo hai, mpigieni simu leo leo.